Kanuni ya Nne

Asubuhi ile ya Jumatatu, uani mwa ofisi ya shirika la misaada mjini Garissa, palikuwa na kina mama wasiopungua mia mbili, watoto wasiohesabika, na kijana mmoja aliyelowa jasho, amekumbatia kitu kikubwa kilichofunikwa blanketi. Kina mama walikuwa wamepanga foleni tangu alfajiri wakisubiri kadi. Kijana alitaka kupita mlangoni tu, lakini Garissa ya mwaka 1999 haikuwa na dhambi kubwa kuliko kuruka foleni ya kadi.

"Wariya! We kijana, rudi nyuma!" bibi mmoja alimfokea. "Wewe nani? Mtoto wa chifu?"

Mlangoni alisimama binti mwenye dera la rangi ya samli na mtandio wa zambarau, daftari kifuani, kalamu sikioni. Alimtazama kijana kuanzia viatu vyake vya Nairobi, vilivyokwisha kuwa vyeupe kwa vumbi, mpaka kwenye lile blanketi.

"Mgonjwa wako ana nini, ndugu?"

"Hana kitu. Ana joto tu."

"Mbona sioni miguu?"

"Hana miguu. Ni kompyuta."

Kina mama waliosikia Kiswahili waliwatafsiria wasiosikia, na kicheko kikapita foleni nzima. Binti hakucheka, ila macho yake yalimsaliti.

"Kompyuta na yeye atafuata foleni," alisema. "Hapa hakuna mkubwa."

Kijana, kwa ukaidi au kwa uchovu, aliweka mzigo wake chini nyuma ya mama wa mwisho, akaketi pembeni yake juani. Alikaa saa mbili. Zamu yake ilipofika, binti alifungua daftari na kuuliza jina bila kuinua uso.

"Kadar."

"La kwako au la mgonjwa?"

"La kwangu. Na wewe?"

"Mimi ndiye ninayeuliza," akasema. Kisha, alipokwisha kumwandika, akaongeza polepole, "Idman."

Hivyo ndivyo walivyoanza, na laiti mambo yao yangeishia kwenye vicheko.

Kadar alikuwa na miaka ishirini na saba. Alizaliwa Eastleigh, akasomea kompyuta India, na Kisomali chake kilikuwa cha kuungaunga, ndiyo maana yeye na Idman walizungumza Kiswahili. Idman alikuwa mzaliwa wa Ijara, kusini mwa mji. Alimaliza sekondari Garissa, na sasa alikuwa karani akiishi mtaa wa Waberi kwa shangazi yake, Sharifo.

Shirika lilikuwa limemwita Kadar kwa sababu ya aibu. Karani aliyetangulia alikuwa akiandikisha watu wa ukoo wake kwanza, wengine baadaye kama kadi zitabaki. Na gari la wagonjwa lililokuwa Ijara siku moja lilikutwa limebeba maharusi, ngoma na mbuzi wawili. Dereva alifukuzwa, karani akafukuzwa, na wakubwa wa Nairobi wakasema wanataka mfumo ambao hakuna binadamu atakayeweza kuupinda.

"Na wewe ndiye utakayeandika programu hiyo?" Idman alimwuliza siku ya pili, akimmiminia chai ya maziwa ya ngamia.

"Siandiki mimi. Itajiandika."

"Uongo mtupu. Na mchana mweupe!"

"Wallahi. Sikiliza. Programu ikiandikwa kwa mkono ina makosa, kwa sababu mwandishi ni mtu, anachoka, anasahau. Mimi naandika kanuni peke yake. Kila kanuni naiweka kwa alama za hesabu, ili isiwe na maana mbili. Kisha chombo nilichokitengeneza kinazikagua kanuni zote, kinahakikisha hakuna inayopingana na nyingine, halafu kinatoa kurasa zenyewe. Unazifungua hapa kwenye kompyuta, unajaza, unabonyeza. Kitu ambacho kanuni hazikukubali, ukurasa haukubali."

"Hata nikilia?"

"Hata ukilia."

"Basi mashine yako haina mama," Idman alisema.

Walifanya kazi pamoja miezi mitatu. Idman alijua watu, Kadar alijua alama. Idman alisema, "Gari halitoki bila ombi la kituo," na Kadar akaligeuza neno hilo kuwa mstari wa herufi za Kigiriki uliomfanya Idman aone kizunguzungu. Kanuni ya nne ilikuwa ya Idman mwenyewe, na aliionea fahari. Alikuwa amegundua kwamba kuna watu walioandikishwa Ijara, Hulugho na Garissa kwa mpigo, wakichukua zamu ya wengine mara tatu. Alipiga meza kwa kalamu yake.

"Andika: mtu mmoja, kituo kimoja. Kituo kisimwombee mtu asiye wake. Basi."

"Macaanto, umeimaliza kwa sentensi moja," Kadar alisema. Lilikuwa neno la Kisomali la mpenzi mtamu, nalo lilimponyoka mbele ya watu.

"Umeniitaje?"

"Sikusema kitu."

"Kanuni ya tano," Idman alisema, uso umemwiva. "Mtu wa kompyuta asiite watu majina asiyoweza kuyarudia mbele ya wazee wao."

Na siku Kadar alipokwenda Nairobi kuleta vipuri, simu ya ofisi ililia saa nane mchana.

"Ofisi ya misaada, hujambo?"

"Sijambo, dada. Naomba msaada."

"Wa chakula au wa dawa?"

"Wa moyo."

"Moyo hauna fomu, kaka."

"Basi niandikie moja. Kituo changu ni wewe."

Idman alikata simu, akakaa dakika nzima ameishika kiganjani, akicheka peke yake.

Mfumo ulianza mwezi wa kumi nao ulifanya kazi kama ulivyoahidiwa. Vituo vya mbali viliita kwa redio, Idman akajaza ukurasa, na kanuni zikitimia mashine ilitoa namba ya safari. Bila namba ile, mlinzi wa stoo hakutoa mafuta na dereva hakuwasha gari. Chifu mmoja alikuja kuomba gari la kumpeleka harusini, akaonyeshwa ukurasa uliokataa, akaondoka bila kumlaumu mtu. Unamlaumu nani? Watu wa koo zote waliridhika, na Kadar akaanza kutembea kifua mbele.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakumwambia mtu. Fundi hajengi nyumba asiyoweza kuingia. Kadar alijiwekea mlango mdogo wa kutengenezea hitilafu: neno la siri ambalo ukiliandika mahali pa jina la kituo, mashine inatoa namba bila kuuliza kanuni. Wakubwa walipomwuliza kama upo mlango wa namna hiyo, alisema haupo. Idman alimwuliza pia, kwa utani. Akamjibu hivyohivyo.

Mwezi huohuo Idman alileta habari pamoja na chai: dada yake Sirad, aliyeolewa Hulugho na mfugaji aitwaye Nunow, amerudi Ijara kwa mama yao kujifungua. Ni mimba ya kwanza, na mimba ya kwanza binti huzalia kwa mama yake. Jambo hilo kila mtu kaskazini mashariki analijua. Hata Kadar wa Eastleigh alilijua, kwani yeye mwenyewe alizaliwa kwa bibi yake mzaa mama.

"Mungu amjalie salama," Kadar alisema, akapuliza chai.

Wakaendelea na kazi. Hakuna aliyeitazama kanuni ya nne. Jambo la kigeni wangeliandika. Hili walilijua mno, na mtu haandiki anachokijua mno.

Wakati huo Kadar alikuwa na haraka zake. Shirika lilitaka kumpa wilaya tano zaidi. Mkataba ukitiwa sahihi, angekuwa na nyumba na uso wa kusimama nao mbele ya watu, na kabla ya Ramadhani wazee wake wangekwenda Ijara kumposa Idman. Idman alishamwambia mjomba wake ajiandae kupokea wageni. Katikati ya mwezi wa kumi na moja Kadar na meneja wa Garissa wakapanda basi kwenda Nairobi, mmoja kuonyesha kazi yake, mwingine kuisifu.

Siku ya mkutano, mvua ilikuwa imenyesha Ijara siku tatu. Udongo mweusi wa kule ukilowa hakuna lori linalopita. Ni lile gari moja la shirika tu lililoweza. Saa nne asubuhi redio ya Garissa ilikoroma. Alikuwa Osob, muuguzi wa kituo cha Ijara.

"Idman, abaayo, dada yangu, sikiliza vizuri. Sirad amejifungua alfajiri. Msichana, mzima. Lakini kondo la nyuma halijatoka na damu haikatiki. Lazima afike hospitali. Mwendo wa saa mbili. Nipe namba."

Vidole vya Idman vilianza kuandika kabla hajafikiri. Alijaza jina la dada yake, jina la baba yake, kituo kinachoomba. Akabonyeza.

Mtu huyu ni wa kituo cha Hulugho. Ombi la Ijara halikubaliki.

Alijaza upya. Jibu lilikuwa lilelile. Alijaribu kuombea kutoka Hulugho, na ukurasa ukamwambia gari la Hulugho liko Hulugho, siku nzima ya njia kutoka hapo. Akachukua simu, akapiga Nairobi, kwenye hoteli ya mkutano.

Kadar aliitwa kutoka ukumbini. Simu ilikuwa ukutani, kwenye ushoroba, na mkurugenzi wa shirika alimfuata na kusimama hatua mbili kutoka kwake, saa mkononi, kwa kuwa wafadhili walikuwa wakisubiri. Robo saa kabla Kadar alikuwa amewaambia wafadhili hao, "Hata mimi niliyeuunda siwezi kuupita," nao walimpigia makofi.

"Kadar, ni Sirad. Damu inatoka. Mashine inamkataa, inasema ni wa Hulugho. Nifanye nini?"

Alielewa papo hapo. "Amezalia kwa mama yake," alisema.

"Ndiyo! Na hatukuandika! Mimi ndiye niliyesema mtu mmoja, kituo kimoja. Kadar, hakuna njia nyingine? Mlango wowote?"

Mkurugenzi aliinua nyusi. "Kuna tatizo kwenye mfumo?" aliuliza.

Neno lilikuwa mdomoni, fupi, la kutamkwa kwa pumzi moja. Kadar alimtazama mkurugenzi, akautazama mlango wa ukumbi, akaziona zile wilaya tano, nyumba, na wazee wamekaa kwenye mkeka wa mjomba wake Idman. Alijiambia kwamba kila mzazi hutoka damu, kwamba atamaliza kutia sahihi baada ya dakika ishirini na kupiga simu akiwa peke yake.

"Hakuna njia nyingine, Idman," alisema. "Ongeza kanuni mpya. Andika: mjamzito aweza kuombewa na kituo cha mama yake. Chombo kitatoa kurasa upya. Nakupigia baada ya dakika ishirini."

"Usichelewe."

"Sichelewi, macaanto."

Idman aliandika kanuni kama alivyofundishwa, alama kwa alama. Chombo kilizikagua kanuni zote, moja baada ya nyingine, kwa subira ya kitu kisicho na dada. Kisha kikajibu kwamba kanuni hiyo mpya inapingana na kanuni ya nne, na kurasa hazitatolewa. Alijaribu kuifuta ya nne. Kikasema ya tisa na ya kumi na mbili zinaitegemea. Huku redioni Osob alikuwa akiita, na nyuma ya sauti yake Idman alimsikia mama yao akisoma Yasin.

"Mpe Bulle redio," Idman alisema.

Bulle alikuwa dereva wa Ijara, mtu mzima mwenye watoto saba. "Dada Idman, mimi nataka kwenda, wallahi. Lakini mafuta iko ndani ya stoo, na mlinzi nasema namba iko wapi. Dereva ile ingine walifukusa. Nipe namba tu, mimi nakwenda sasa hivi."

"Bulle, huyu ni dada yangu."

Sauti ya Bulle ilirudi, imebadilika. "Kama ni hifyo, basi. Mimi natafuta mafuta bahali ingine."

Alikwenda kwenye lori lililokwama matopeni, akamsihi mwenye lori, akanyonya dizeli kwa mpira mpaka akatapika. Walipoondoka ilikuwa saa sita kasoro robo. Sirad alilazwa nyuma, kichwa mapajani mwa mama yake. Mtoto alibaki na Osob.

Nairobi, dakika ishirini ziligeuka saa moja, na saa moja ikawa karibu tatu. Kulikuwa na hotuba, kulikuwa na picha, kulikuwa na kalamu iliyokosa wino. Kila mara Kadar alipotaka kuinuka mtu alimshika bega na kumpongeza. Ukweli ni kwamba angeweza kuinuka. Saa saba na robo alitoka mbio na kupiga Garissa, neno la siri likiwa tayari ulimini.

"Idman! Andika hivi, mahali pa jina la—"

"Amefariki," Idman alisema. "Bulle ametwambia kwa redio. Kabla ya saa saba. Walikuwa wamebakisha saa moja kufika."

Kadar aliegemea ukuta. Ushoroba ulikuwa umejaa watu wanaokwenda kula.

"Ulikuwa unasema niandike nini?" Idman aliuliza.

"Hakuna," alisema. "Hakuna kitu tena."

Walimzika Sirad Ijara siku hiyohiyo kabla ya magharibi. Idman hakurudi kazini. Kadar alifika Garissa baada ya siku mbili, akaenda Waberi, na Sharifo akamwambia kwa upole kwamba binti yuko matangani. Aliandika barua tatu, hazikujibiwa. Aliirekebisha kanuni ya nne, ikapita ukaguzi safari hii, na vituo vikasema ahsante. Kila alipoketi mbele ya mashine alikumbuka kwamba angeweza kusema neno moja, na hakulisema kwa sababu mtu mwenye saa alikuwa amesimama karibu. Alikonda mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya. Alimpenda Idman, na hakujua mapenzi hayo ayapeleke wapi.

Siku ya arobaini ilipopita, katikati ya Ramadhani, Sharifo alituma mtu kumwita. Ilikuwa baada ya alasiri. Hakukuwa na chai wala maji ya kumkaribisha. Sharifo aliketi kizingitini na tasbihi yake, mahali pa kuona bila kusikia, na Idman akaketi mkekani mbele ya Kadar, amevaa nguo nyeupe isiyo na ua hata moja. Chumba cha pili mtoto mchanga wa Sirad alilia kidogo, akanyamaza.

"Umekonda," Idman alisema.

"Na wewe pia."

"Mimi nalea. Wewe je?" Alitabasamu kwa shida, na kwa Kadar tabasamu lile lilikuwa maji kwa mfungaji. "Nimekuita kwa sababu wazee wa Nunow wamekuja."

Kadar alielewa. Mke akifa, mdogo wake huweza kuombwa aolewe na mgane, ili mtoto asilelewe na mgeni. Wasomali huita jambo hili higsisan. Binti ana haki ya kukataa, na wapo wanaokataa.

"Nilitaka kukubali," Idman aliendelea. "Wiki nzima nilikuwa nimekubali moyoni. Nilisema, mimi ndiye niliyeitunga kanuni, mimi ndiye niliyemfungia Sirad mlango, basi nimlipe kwa maisha yangu. Usiku sikulala, Kadar. Nilimwona akiniuliza: uliandika watu wote, mimi ulinisahau?"

"Idman, usiseme hivyo."

"Ngoja. Halafu nikakumbuka uliyoniambia kwenye simu. Wewe uliyeujenga ulisema hakuna njia nyingine. Kama fundi mwenyewe hakuwa na njia, basi si mimi, si wewe, ni qadar ya Mungu, nami siwezi kushindana na Mungu. Nikaanza kupumua. Kesho mjomba anataka jibu. Nataka kumwambia hapana. Nataka kumwambia wapo wageni wengine wanakuja." Sauti yake ilishuka. "Mtoto nitamlea popote nitakapokuwa, mama amekubali. Lakini nataka nilisikie tena, kwa uso wako, si kwa simu. Sema tu. Hapakuwa na njia."

Ilikuwa sentensi moja. Angeisema, angekuwa na mke, na mke angekuwa na amani, na hakuna kiumbe duniani ambaye angejua. Kadar alifungua mdomo aiseme. Alimtazama Idman akisubiri, kichwa kimeinama kidogo kama mtu anayesubiri dua imalizike, na mdomo ukakataa.

"Ilikuwapo," alisema.

Idman hakuelewa. "Nini?"

"Njia. Neno. Nilijiwekea mimi, la kupita kanuni zote. Mkurugenzi alikuwa amesimama pale, na mkataba haujatiwa sahihi. Nilisema hakuna. Nilifikiri dakika ishirini. Si kanuni yako, Idman. Ungepata namba saa nne na nusu, Bulle angeondoka saa nne na nusu. Ni mimi."

Kadar alilia waziwazi, bila kujifuta.

"Nilikuuliza," Idman alisema mwishowe. "Nilikuuliza mlango wowote."

"Uliniuliza."

"Na damu ilikuwa inatoka."

"Ndiyo."

"Lilikuwa neno gani?"

"Idman, tafadhali."

"Nataka kulijua. Nilikaa mbele ya mashine hiyo saa tatu. Niliandika kila kitu nilichokijua. Lilikuwa neno gani?"

"Jina lako," Kadar alisema. "Idman. Basi. Hivyo tu."

Idman aliinamisha uso, akaufunika kwa mtandio, na mabega yakatikisika, lakini sauti haikutoka. Alipoufunua, macho yalikuwa makavu.

"Basi si mimi," alisema.

"Si wewe. Haikuwa wewe hata kidogo."

"Ahsante kwa kuniambia. Najua ungeweza kunyamaza." Alikunja pembe ya mkeka, akaikunjua. "Nilikuwa na sababu moja tu ya kumkataa Nunow, Kadar. Ilikuwa wewe."

Aliinuka na kwenda chumba cha pili. Kadar alimsikia akimnyanyua mtoto, akimbembeleza kwa Kisomali, kisha akimwita shangazi yake na kumwambia, kwa sauti ya kawaida, amtumie mjomba habari kwamba wazee wa Nunow waje kesho.